Mwana Asinyamaze: Daftari la Wazee wa Mji

Kila asubuhi wanafunzi wa Mwananyamala wakielekea shuleni, na watumishi wakikimbilia daladala za kwenda mjini, wengi wao hupita katika Barabara ya Mwinjuma. Jina hilo hutajwa na makondakta, hutajwa na wauza duka wanapowaelekeza wageni, na huandikwa na makarani katika barua na fomu. Lakini akiulizwa mpita njia Mwinjuma alikuwa nani, jibu la kawaida ni kutikisa kichwa. Katika orodha ya wazee waliounda Baraza la Wazee wa TANU katika miaka ya 1950 limo jina la Mwinjuma Mwinyikambi, mzee wa Mwananyamala. Alikuwa mmoja wa watu wazima wa mji waliokubali kukaa pamoja na kijana mwalimu aliyetoka Butiama, wakamsikiliza, wakampa radhi zao na kumfungulia milango ya nyumba zao. Leo jina limebaki barabarani na habari zake zimebaki vifuani mwa watu wachache.

Mwananyamala yenyewe ina jina lenye kisa. Wazee husimulia kwamba zamani sehemu hiyo ilikuwa pori, na kina mama waliopita humo na watoto mgongoni waliwatuliza kwa Kizaramo wakisema “mwana, nyamala”, maana yake mtoto, nyamaza, wasije wakasikiwa na adui au na mnyama mkali. Katika siku zile, kunyamaza kulikuwa kuokoka. Lakini desturi iliyofaa wakati wa hatari haifai wakati wa amani. Mji ambao watoto wake wananyamaza juu ya asili yao hauokoki kwa kimya hicho, bali unajiweka tayari kuandikiwa historia na wengine.

Hoja inayostahili kuzingatiwa na walimu pamoja na watumishi wa umma ni hii: Dar es Salaam ina historia ya mwanzo, na ina koo zilizoujenga mji huu kwa mali, kwa jasho na kwa damu. Daftari la historia hiyo halijaandikwa kwa ukamilifu, na wale walio nalo kichwani wanaondoka mmoja mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo ni wa wafanyabiashara, lakini unaihusu kumbukumbu ya watu vile vile.

MJI HAUKUANZA NA SULTANI

Historia iliyozoeleka huanza na Majid bin Said, Sultani wa Unguja aliyetawala tangu 1856. Katikati ya miaka ya 1860 Majid aliipenda bandari hii iliyojificha nyuma ya mlango mwembamba wa bahari, akaanza kujenga nyumba za mawe na kuupa mji jina la Dar es Salaam. Mwezi Septemba 1867 aliwaandalia karamu mabalozi wadogo wa mataifa ya nje ili waone kazi yake. Alipofariki mwezi Oktoba 1870, ndugu yake Barghash hakuwa na haja na mji huo; kazi ikasimama na majengo yakaanza kubomoka. Boma la Kale, linalotazama bandari mpaka leo, ni miongoni mwa majengo machache yaliyosalia ya zama hizo. Kisha wakaja Wajerumani mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo.

Habari hizo ni za kweli, lakini si kamili. Zinamfanya msomaji aamini kwamba mji huu uliumbwa na mfalme mmoja, ukaokolewa na wakoloni, na kwamba wengine wote walikuja baadaye kutafuta kazi. Kabla ya Majid kilikuwako kijiji cha Mzizima, cha wavuvi na wakulima. Pwani hiyo hiyo ilikuwa na Kunduchi na Msasani upande wa kaskazini, na Mbwamaji upande wa kusini ya bandari. Katika vijiji hivyo waliishi Washomvi, ambao mapokeo yao yanautaja mji wa Barawa, katika pwani ya Somalia, kuwa ndiko walikotoka mababu zao.

Nyuma ya pwani walikuwako Wazaramo, ambao nao husimulia kwamba asili yao ni milima ya Uluguru. Mapokeo ya pande zote mbili yanakubaliana juu ya tukio moja kubwa. Wakamba waliivamia pwani, Washomvi wakazidiwa, wakatuma watu bara kuomba msaada. Aliyeitika alikuwa kiongozi wa Kizaramo, Pazi Kilama, aliyekuja na watu wake na kuwafukuza wavamizi. Malipo yake yalikuwa ada ya kila mwaka iliyotolewa na watu wa pwani kwa Pazi: vitambaa, chumvi na mazao ya bahari. Wazaramo nao wakapata njia ya kufika baharini bila kizuizi.

Tukio hilo lina maana kubwa kuliko hadithi ya vita. Linaonyesha kwamba msingi wa mji huu ni mapatano. Watu waliotoka Barawa kwa majahazi walikutana na watu walioteremka kutoka Uluguru kwa miguu, wakawekeana masharti ya kuishi pamoja: huyu ana bahari na chumvi, yule ana mashamba na nguvu za kulinda. Majid alipofika hakukuta ardhi tupu. Alikuta watu wenye majumbe wao, wenye mipaka na desturi, na ilimpasa azungumze nao. Hata “wenyeji” hao, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa wageni waliotangulia.

Wako pia watu wa mwanzo ambao mapokeo ya koo kubwa hayapendi kuwataja. Mashamba ya minazi yaliyoanzishwa kuuzunguka mji katika siku za Majid yalilimwa na watumwa. Ingawa biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Juni 1873, utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Watu walioipanda minazi ile hawakuachiwa jina la mtaa wala la shule. Vitukuu vyao wamo mjini leo, wamechanganyika na watu wengine wote, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni kuandika historia ya mashamba bila ya kuwataja walioyalima.

FUNZO KUTOKA VIRGINIA

Nchi nyingine zimekwisha kuipita njia hii ya kuandika historia ya mwanzo na koo zake mashuhuri, na makosa yao yanafundisha. Mfano wa karibu na hoja hii ni jimbo la Virginia, nchini Marekani.

Waingereza walijenga makazi yao ya Jamestown mwaka 1607 katika nchi ya watu waliokuwa chini ya mfalme Powhatan. Mwaka 1614 binti wa mfalme huyo, Pocahontas, aliolewa na mkulima wa tumbaku John Rolfe. Mwaka 1619 iliwasili meli yenye Waafrika 20 na ushee waliochukuliwa Angola. Habari za kuwasili kwao ziliandikwa barua na Rolfe huyo huyo, ambaye alitaja idadi yao wala hakutaja jina hata moja. Kwa ardhi ya wenyeji wale na kwa mikono ya watumwa hawa zikainuka koo zilizojiita za kwanza: kina Carter, Lee, Randolph, Byrd. Robert Carter, ambaye watu walimwita “Mfalme” kwa utajiri wake, alipofariki mwaka 1732 aliacha karibu ekari 300,000 za ardhi pamoja na mamia ya watumwa. Jimbo hilo lilitoa marais wanne kati ya watano wa kwanza wa Marekani, na wote wanne walimiliki watumwa.

Hadithi haikuishia katika fahari. Mwaka 1924 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuwagawa watu kwa damu. Ilisema kwamba mzungu ni yule tu asiye na tone la damu nyingine. Hapo likatokea tatizo la aibu: baadhi ya koo kubwa zilijisifu kwa miaka mingi kuwa ni wazao wa Pocahontas. Basi sheria ikaachiwa mlango wa nyuma, kwamba mwenye sehemu moja ya 16 ya damu ya Wahindi Wekundu, au chini ya hapo, ataendelea kuhesabiwa mzungu. Bibi mmoja wa kale aliheshimiwa katika vitabu vya koo za wakubwa, na papo hapo ndugu zake walio hai wakafutwa.

Aliyeongoza kazi hiyo ya kufuta hakuwa jemadari wala gavana, bali mtumishi wa ofisi. Walter Plecker, msajili wa vizazi na vifo wa jimbo tangu 1912 mpaka 1946, aliwaagiza makarani na wakunga wasiwaandike Wahindi Wekundu kwa jina lao, bali wawaandike kuwa ni watu “wa rangi”. Cheti baada ya cheti, watu wazima na watoto wakatoweka katika vitabu vya serikali ilhali wako hai mashambani mwao. Vizazi vilivyofuata walipotaka kutambuliwa na serikali ya Marekani waliambiwa walete karatasi za kuonyesha asili yao, na karatasi zilikwisha kuharibiwa. Makabila 6 ya Virginia yalisubiri mpaka Januari 2018 ndipo yakatambuliwa kwa sheria.

Mtumishi wa umma anayesoma habari hizo asizione kuwa ni mambo ya mbali. Zinaonyesha uwezo wa kalamu yake. Karani anayejaza rejista, afisa anayeandika jina la mtaa, mwalimu anayechagua jambo la kufundisha na jambo la kuacha, wote wanaamua nani atakumbukwa. Wanaweza kufanya hivyo kwa chuki kama alivyofanya Plecker. Wanaweza pia kufanya hivyo kwa uvivu tu, na matokeo yakakaribiana.

KOO ZILIZOTOA

Koo mashuhuri za Dar es Salaam zinastahili kupimwa kwa kipimo kingine. Virginia iliuliza ukoo ulipata ekari ngapi. Hapa swali linalofaa ni ukoo ulitoa nini.

Wapo waliotoa roho zao. Shule ya sekondari ya Kibasila, wilayani Temeke, ina jina la kiongozi wa Kizaramo wa Kisangire. Wakati wa Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, Kibasila alikuwa miongoni mwa waliokataa kilimo cha pamba cha kulazimishwa, na Wajerumani wakamnyonga. Kila mwaka vijana huvaa jina lake katika sare zao. Ni haki yao kujua kwamba jina hilo si pambo.

Wapo waliotoa wazee wao kwa chama cha wananchi. Jina la shule ya Tambaza linatokana na ukoo wa majumbe waliokuwa na mashamba Upanga. Jumbe Tambaza alikuwa mmoja wa wazee wa TANU pamoja na Mwinjuma Mwinyikambi. Wazee hao walikuwa na cha kupoteza, maana mkoloni aliweza kumnyima jumbe heshima na maslahi kwa siku moja. Hata hivyo waliketi upande wa chama.

Wapo wengine ambao mwanzo wao hapa nchini hautazamiwi. Sykes Mbuwane alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji aliyeletwa na Hermann von Wissmann mwaka 1889, askari katika jeshi la Wajerumani la kuuzima upinzani wa Abushiri. Yaani babu wa ukoo huu alikuja akiwa upande wa mtekaji. Mwanawe Kleist Sykes, aliyezaliwa mwaka 1894, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929, chama kilichojenga nyumba yake katika mtaa wa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Kleist alifariki mwaka 1949. Wanawe Abdulwahid na Ally wakaendeleza kazi. Mwezi Aprili 1953 Abdulwahid Sykes alishindana na Julius Nyerere katika uchaguzi wa kiti cha Rais wa TAA, akashindwa, akabaki chamani kufanya kazi chini ya mshindi wake. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka kuwa TANU, na ndugu wote wawili walikuwa miongoni mwa waasisi. Mtaa wa Kipata, Kariakoo, leo ni Mtaa wa Kleist Sykes. Kisa cha ukoo huo kinafundisha kwamba damu ya mtu haimfungi. Mjukuu halipi deni la babu kwa kuificha historia. Hulilipa kwa matendo.

Huko Mtoni, abiria hushuka “kwa Azizi Ali”. Mzee Aziz Ali alikuwa mjenzi mwenye mali katika zama za ukoloni. Mwanawe Hamza Aziz alikuja kuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, na mwanawe mwingine, Dossa Aziz, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU na alikitolea chama mali yake, pamoja na gari lililotumika katika safari za kueneza chama. Dossa alifariki mwaka 1998, akiwa amemalizia maisha yake Mlandizi, mbali na fahari yoyote. Mweke Dossa upande mmoja na “Mfalme” Carter upande mwingine, tofauti ya aina mbili za ukoo mashuhuri itaonekana bila maelezo zaidi.

John Rupia, mfanyabiashara, alikuwa Makamu wa Rais wa TANU na mfuko wake ulikuwa wazi kwa chama. Mshume Kiyate alikuwa muuza samaki wa soko la Kariakoo. Nyerere alipoacha ualimu wa Pugu mwezi Machi 1955, akawa hana mshahara na ana familia ya kulisha, mzee huyo wa sokoni alikuwa miongoni mwa waliohakikisha kwamba chakula kinafika nyumbani kwake. Mtaa wa Tandamti umepewa jina lake. Hakuwa na ekari 300,000. Alikuwa na kapu, na kapu hilo lina nafasi yake katika historia ya Uhuru.

Wala orodha isiwe ya wanaume peke yao. Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alikuwa mwimbaji katika ngoma za kina mama, na kwa njia ya vikundi hivyo vya ngoma aliwaingiza wanawake wengi katika TANU wakati ambapo wasomi wengi walikuwa bado wanaogopa kupoteza kazi za serikali. Baadaye, mwaka 1971, alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini, akaachiliwa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000, na barabara kubwa ya mjini ina jina lake. Maisha hayo yafundishwe yote, nyakati za shangwe na nyakati za uchungu, kwa sababu mwanafunzi anayefundishwa nusu ya maisha ya mtu hajafundishwa historia.

HOFU MBILI

Kuna hofu mbili ambazo husikika kila jambo hili linapotajwa, nazo zinastahili kujibiwa.

Hofu ya kwanza ni ya ukabila na ukabaila. Nchi hii iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, na mwaka huo huo ikafuta umilikaji wa ardhi wa daima uliorithiwa kutoka kwa wakoloni. Azimio la Arusha la 1967 likatangaza kwamba binadamu wote ni sawa. Baadhi ya watu huuliza: kuzitaja koo leo, si kuwarudisha makabaila kwa mlango wa nyuma? Jibu ni kwamba haki na kumbukumbu ni vitu viwili mbalimbali. Mjukuu wa jumbe hana haki ya kutangulia foleni ya hospitali ya Mwananyamala kwa sababu ya babu yake. Lakini babu yake ana haki ya kuandikwa kwa yale aliyoyatenda, mazuri na mabaya. Kabaila hustawi pale ambapo historia haijaandikwa, kwa maana hapo kila mwenye sauti kubwa anaweza kujitungia babu.

Hofu ya pili ni kwamba kuuliza nani alitangulia kutawagawa watu wa mji. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742; sensa ya 2022 ilihesabu mkoani watu 5,383,728. Walio wengi ni watoto na wajukuu wa watu waliotoka mikoa mingine. Je, wataambiwa kwamba mji si wao? Historia yenyewe inakanusha. Washomvi walitoka Barawa, Wazaramo Uluguru, kina Sykes Msumbiji, na Wamanyema waliojenga msikiti wao Kariakoo walitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mgeni wa leo anayepanga chumba Mwananyamala yumo katika msururu ule ule, akiwa nyuma tu. Anachodaiwa ni adabu ya kumjua mwenye nyumba aliyemkaribisha.

KAZI ILIYOPO

Mwaka 1903 kilichapwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu juu ya desturi za Waswahili. Sehemu kubwa ya maneno yake ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pande za Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, lakini jina lililowekwa mbele lilikuwa la Mjerumani Carl Velten. Bila kitabu hicho mengi ya pwani hii yangalikuwa yamekwisha kupotea, na wasomi wanakitegemea mpaka leo. Hata hivyo mtoto wa Uzaramo anayetaka kusoma habari za mababu zake alilazimika kuzifuata Ulaya. Hali hiyo isirudiwe katika karne hii, wakati kila kata ina shule na kila mtaa una ofisi.

Mwalimu wa historia hahitaji fedha ya msaada ili kuianza kazi. Darasa moja la Mwananyamala, Kinondoni au Temeke laweza kupewa zoezi la muhula mmoja: kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja, amuulize jina la mahali lilitoka wapi, nani alikuwa na shamba hapo, lilikuwa shamba la nini, nani alilima, nyumba ya kwanza ilijengwa lini, msikiti au kanisa la kwanza lilisimamiwa na nani. Majibu yaandikwe pamoja na jina la msimulizi na tarehe. Wazee watapingana; watajisifu; watasahau. Hilo lisimtishe mwalimu. Mwanafunzi anayejifunza kuyapima masimulizi mawili yanayopingana amejifunza historia kuliko anayekariri tarehe 20.

Mtendaji wa mtaa naye ana sehemu yake. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima iliendesha kazi ya anwani za makazi, na kila njia ikapewa jina na kila nyumba namba. Kazi hiyo ni ya maendeleo, kwa kuwa gari la wagonjwa haliwezi kuifikia nyumba isiyo na anwani. Lakini jina likishapigiliwa juu ya nguzo na kuingizwa katika mitambo ya serikali, kulibadili ni shida. Basi kila ofisi ya mtaa iwe na daftari linaloeleza maana ya majina hayo: huyu alikuwa nani, alifanya nini, nani alilipendekeza. Pale ambapo jina la zamani bado lipo midomoni mwa watu, liandikwe nalo. Na nakala ya daftari hilo ipelekwe Nyaraka za Taifa pale Upanga, ili lisiliwe na mchwa katika kabati la ofisi.

Na wazao wa koo hizo wasikae wakisubiri serikali. Ndani ya masanduku ya nyumba za Kariakoo, Magomeni, Msasani na Mbwamaji zimo barua, hati za mashamba, kadi za chama na picha ambazo panya hawajui thamani yake. Familia ya Sykes ilitoa mfano: maisha ya Kleist yaliandikwa na mjukuu wake, Daisy, yakachapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe juu ya maisha ya Watanzania. Alichoweza mjukuu mmoja, wajukuu wengine wanaweza.

Makaburi ya wazee wa mwanzo yapo katikati ya nyumba, na mengine yamo ndani ya viwanja vilivyokwisha kubadili mikono. Mzee aliyekuwa na miaka 20 siku TANU ilipozaliwa amekwisha kupita umri wa miaka 90. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu wa takwimu kuifafanua. Yanayoweza kuulizwa leo hayataweza kuulizwa baada ya miaka michache, na hakuna tume itakayoundwa kuwauliza wafu.

Mama wa zamani alipopita porini alimwambia mwanawe anyamaze kwa sababu alitaka aishi. Mwana huyo aliishi, akazaa, na wajukuu zake wanapita leo Barabara ya Mwinjuma na madaftari mkononi. Pori limekwisha. Mwalimu atakayemwambia mmoja wao afungue daftari hilo ukurasa mpya, aende nyumba ya tatu akamuulize bibi aliyeketi barazani, atakuwa ameifanya kazi ambayo hakuna Sultani, Mjerumani wala Mwingereza aliyeifanya kwa niaba ya watu wa mji huu.